Ng'ombe Waliopigiwa Kura

Sentensi ya Kiingereza ilipigiwa kura nyumbani kwa shangazi yangu, Ipililo, na mimi niliyeitwa kuikagua nilikuwa upande ulioshindwa.

Shangazi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale kijijini. Maji wanachota lamboni: ng'ombe wanaingia upande mmoja, ndoo upande wa pili, matope yako pande zote. Shirika moja lilikuwa limeahidi kisima cha pampu kwa kijiji kimoja kati ya viwili, na mgeni kutoka Ulaya alikuwa anakuja kuvitazama vyote kabla ya kuchagua. Shangazi akanipigia simu Bariadi.

"Njoo Jumamosi. Nitamkaribisha kwa Kiingereza mimi mwenyewe, mkalimani asije akanipunguzia maneno. Wewe uangalie tu kama kimenyooka."

Kazi yangu ni habari za redio, kwa hiyo kwetu nahesabiwa kuwa najua kila lugha. Nilimkuta uani akipeta mchele, wenzake wamekaa kwenye mkeka. Sentensi alifundishwa na binti yake anayesoma sekondari, na shangazi akazitoa moja moja kwa sauti ya kusoma somo kanisani. "Welcome to our home." Nikasema sahihi. "Did you sleep well?" Sahihi. "How are your children?" Sahihi. "How are your cows?"

Nikamwomba airudie.

"Imekosewa?" akauliza.

"Haijakosewa, shangazi. Ila..."

"Iandike kwenye simu tuone."

Simu yangu huchora mstari mwekundu chini ya kila kosa. Nikaandika kuulizia hali ya ng'ombe wa mgeni, na simu haikuchora kitu. Akina mama waliinama wote juu ya kioo kuhakikisha.

Hapo katibu wa kikundi, jirani ya shangazi na mtani wake wa miaka mingi, akaweka chini ungo wake. "Mwenyekiti, huyo mzungu ng'ombe atazitoa wapi?"

"Maziwa ya chai yake anayatoa wapi?"

"Dukani!"

"Na duka linakamua nini?"

Mkeka mzima ulicheka, katibu hakucheka. Alisema ukitaja ng'ombe, mgeni atageuza shingo, ataona zetu zizini, atasema hawa wana mali, kisima kiende kwa wenzao. Niliona ana hoja, nikamuunga mkono. Nikaeleza kwamba sentensi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isiwe ya kumwambia mtu anayeshuka kwenye gari.

"Mtu afike kwangu nisimwulizie ng'ombe zake?" shangazi akasema. "Si ataondoka akijua nina neno naye? Wewe nilikuita uangalie kama ni sahihi. Ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Basi kazi yako umemaliza, baba. Kunywa chai."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, ng'ombe wakapita. Katibu aliunyoosha wake wa kupinga juu kuliko yote. Wangu haukuhesabiwa kwa sababu si mwanachama.

Mgeni alipokuja nilihakikisha nipo. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya jua, ametokea kile kijiji kingine, gari limejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Mkalimani wake alibaki nyuma ya gari akitafuta mtandao. Shangazi akapiga goti kidogo, akamwamkia kwanza kwa Kisukuma, "Mwadila," kisha akaingia kwenye Kiingereza bila kupumzika. Kwenye karibu, mgeni alishukuru. Kwenye usingizi, alitabasamu. Kwenye watoto, akasema hana, na katibu akanitupia jicho. Ndipo shangazi akamwulizia ng'ombe.

Mgeni akavua miwani. Akaongea, na Kiingereza chake kilimwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililopasuka. Niliokota neno baba, neno baridi, na jina ambalo nadhani lilikuwa la ng'ombe. Aliweka mikono kichwani kuonyesha pembe, akacheka, kisha akafuta jicho. Shangazi hakuelewa hata kidogo, lakini alimwitikia "mm, mm" kila alipopumua, kama anavyowaitikia wote, halafu akamshika mkono wakaelekea zizini.

Ratiba ilisema waanze na lambo. Walikaa zizini mpaka dereva akapiga honi. Lambo mgeni aliliona wakati wa kuondoka, kupitia dirisha la gari, kama kweli alilitazama.

"Haya," katibu akasema vumbi lilipotulia. "Ng'ombe tumesalimia. Kisima je?" Kisha akanigeukia mimi, mtaalamu. "Na hizo zake, anazo au zilikufa?"

Nikamwambia sikusikia vizuri. Mkalimani naye hakuwepo.

Leo asubuhi mtambo wa kuchimba visima umepita hapa Bariadi, umeshika barabara ya Maswa, ile ya kwenda kwa shangazi. Nimempigia shangazi hapo hapo. Vijiji vyote viwili njia yao ni moja mpaka njia panda ya mwisho, kwa hiyo amemtuma katibu kwa baiskeli akakae pale atazame mtambo unakata kona upande gani. Jua sasa linazama. Katibu hajarudi, na simu yake haipatikani.