Alama ya Wifi kwenye Kilio cha Mutarule

Bwana yangu Sumaili anatengeneza ma-ordinatere, zile kompyuta, hapa Nyamianda, na mukaidi kama yeye bado sijaona. Ukimuambia acha hiyo mashine, njoo ukule, anajibu "niko nakuja," na ugali unapoa. Minye bibi yake, Mwamvua, nimezoea. Lakini mwaka huu ukaidi wake ulifanya kazi ambayo hata mapasta hawakuiweza, kwa hiyo nitausema.

Mzee Donatien alikufa kule Mutarule. Binti yake mukubwa, Olive, iko Ubelgiji. Miaka nane baba na binti hawakusemeshana, sababu Olive aliolewa na mwanaume ambaye mzee alimukataa. Sasa Olive aliomba kitu kimoja tu: aone uso wa baba yake kabla sanduku halijafungwa, na aseme naye. Mama yake, Mama Josée, akamuita Sumaili.

Tulienda na ordinatere yetu. Wifi yake ya ndani ilikufa zamani, basi Sumaili alichomeka kle ya wifi, kale kadude kadogo ka USB, akaiunganisha na modemu ya jirani. Olive akaonekana kwenye kioo. Watu wakasogea. Akasema "Baba," kisha akainamisha kichwa, akanyamaza.

Kwetu, mufiwa akinyamaza mbele ya maiti, hakuna kumukatiza. Hata mtoto hakukohoa. Tulisimama tukimungojea, dakika tano, dakika kumi. Sumaili aliangalia alama ya wifi pale chini ya kioo: imejaa, tumeunganishwa. Basi iko analia, tukasema moyoni. Mwishowe pasta akatoa ishara, wakafunga sanduku.

Kesho yake Olive alimuandikia mama yake: "Nilisema yote, hakuna aliyenijibu. Mulinikata. Nimeelewa. Tusitafutane tena." Wakimupigia, hashiki.

Mama Josée alikuja kwetu na ile simu mukononi, macho yamevimba. Majirani wakasema, "Aka! Ni rezo tu, mtandao wa kwetu nani asiyeujua?" Sumaili angeweza kujificha hapo. Alikataa. "Kama ni rezo," akasema, "sababu gani alama haikuanguka?"

Alichomeka kle palepale, akaunganisha, kisha akazima modemu yetu. Alama ikabaki imejaa. Jamani! Modemu imekufa, ordinatere bado inasema tuko pamoja. Asubuhi yote alisoma jurnal, lile daftari ambalo mashine inajiandikia yenyewe, mpaka akafika siku ya mazishi. Saa nne na dakika arobaini na mbili, kle ilitoa habari kwamba muunganiko umekatika. Ilimupa pilote, ile programu ndogo inayoongoza kle. Pilote alipaswa kumuambia ordinatere. Aliikalia ile habari, kama mujumbe anayetia barua mufukoni na kwenda kwake kulala. Tulipomuuliza yule jirani wa Mutarule, alisema saa ile betri yake ya sola iliisha, modemu ikazimika. Olive aliendelea kusema peke yake kule Ubelgiji, na sisi tulikuwa tunaheshimu picha iliyoganda.

"Huyu pilote nilimuweka mwenyewe," Sumaili aliniambia. "Na mwezi uliopita niliona alama inakaa hivi. Nikasema nitaangalia kesho."

Nilikasirika, sitaficha. "Weye! Kwa chakula changu kesho, na kwa kilio cha watu pia kesho?"

Alilia. Tangu tuoane sikuwahi kumuona akilia, na hasira yote iliniisha.

Aliweka pilote mupya, akazima modemu: alama ikaanguka mara moja. Kisha akanipa simu nimufilimu akirudia yote, pilote wa zamani, pilote mupya, na ule mustari wa jurnal wenye saa. Akasema: "Olive, dada yangu, hakuna muntu aliyekukata. Kosa ni langu. Mama yako alisimama pale akingojea neno lako." Mama Josée akaituma ile video.

Siku tatu zikapita. Kila asubuhi Mama Josée alikuja kumuuliza Sumaili kama video kweli ilifika, na kila asubuhi alimuonyesha kwamba ilifika. Siku ya nne alikuwa bado mulangoni kwetu, simu ikalia. Ni Olive.

"Mama, basi hakuna aliyesikia?"

"Hakuna, mwanangu. Tulifikiri unalia. Watu wote walinyamaza kukuheshimu."

"Nilimuomba Baba anisamehe."

Mama Josée alikaa chini kwenye saruji, na kitambaa chake kikaanguka, hakukiokota.

"Alikusamehe mwaka jana, alipoanza kuugua. Aliniambia minye peke yangu, akanikataza nikuambie. Alitaka weye uombe kwanza. Olive, kila simu ilipolia mu nyumba, aliuliza kama ni weye."