Mtunza maabara aliyeachiwa darasa la kemia

Saa moja kasorobo asubuhi, kengele ya kwanza haijagongwa, Modesta Banzi amekwisha kufungua madirisha mawili ya maabara ya Shule ya Sekondari Mkongolo, mkoani Morogoro, yale ambayo bado yanafunguka. Anatua ndoo ya maji aliyoichota kwa jirani, anakunja mikono ya gauni, anaanza kuosha vichupa vya majaribio kimoja kimoja.

Akimaliza anavihesabu. Vipo thelathini na kimoja. Kidato cha pili peke yake kina wanafunzi tisini na wawili.

“Kikivunjika kimoja, siku hiyo chakula hakinipiti kooni,” anasema bila kucheka.

Mwaka huu wa 1999 Modesta ana umri wa miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Alizaliwa katika kijiji cha misheni kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya Mlali, ambako baba yake alilima kabichi na njegere. Alimaliza kidato cha nne, akaajiriwa Mkongolo mwaka 1977 kama mtunza maabara. Barua yake ya ajira anayo mpaka leo. Inasema atatunza vyombo, ataandaa dawa za majaribio na atafanya usafi. Hakuna mahali palipoandikwa kufundisha.

Wakati huo, anakumbuka, kila Januari lori lilileta maboksi ya dawa kutoka Dar es Salaam, na shule ilikuwa na walimu watatu wa sayansi. Kisha mambo yakabadilika kidogo kidogo. Maboksi yakapungua, halafu yakakoma. Wazazi wakaambiwa wachangie elimu. Shule za watu binafsi zikaanza kuota kila mji, na zilihitaji walimu.

Mwalimu wa kemia aliondoka Julai 1994. Ijumaa alifundisha kama kawaida, Jumatatu hakuonekana. Ilikuja kujulikana kwamba amepata shule Dar es Salaam.

“Simlaumu. Alikuwa na watoto wanne na nyumba ya kupanga,” anasema Modesta.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kibwana, alimwita ofisini, akamwomba ashikilie kipindi cha kemia wiki mbili tu, mpaka serikali ilete mwalimu mwingine. Modesta alimjibu kwamba yeye si mwalimu. Mkuu akasema hilo analijua.

Wiki mbili zikawa miezi ishirini.

Alifundisha kwa daftari lake la zamani na vitabu viwili vilivyobaki maktaba. Taa za kuchemshia alizitengeneza kwa chupa za wino na utambi wa jiko la mafuta ya taa. Maua mekundu ya uani aliyaponda, akayakamua, maji yake akayatumia kutambua asidi na magadi. Asidi yenyewe aliipata kwenye gereji moja mjini walikokuwa wakichanganya maji ya betri. Mambo aliyokuwa hayaelewi aliyasoma nyumbani mpaka yaeleweke, na yaliyomshinda aliwaambia wanafunzi wazi kwamba yamemshinda.

Erick, aliyekuwa kidato cha nne mwaka 1996, anasema hilo ndilo lililowafanya wamwamini. Walimu wengine wakikwama walifoka, lakini Mama Banzi alisema hajui, na kesho yake alikuja anajua.

Siku ya ajali ilikuwa Jumanne ya mwezi Machi mwaka huo. Maabarani walikuwa wanafunzi hamsini na wanne. Modesta alikwisha kuwaonya kwamba asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, taratibu, na kamwe isifanyike kinyume. Lakini alikuwa meza ya mbele akimwonyesha mwanafunzi mmoja jinsi ya kushika chupa, na meza ya nyuma msichana aitwaye Editha akamimina maji kwenye asidi.

Ilichemka na kuruka. Editha alisimama akiutazama mkono wake wa kulia kama si wake. Modesta alimvuta hadi kwenye ndoo, akauzamisha mkono ndani ya maji, na maji yalipokwisha akamkimbiza nje kwenye pipa la mvua. Alimsindikiza hospitali akiwa amevaa kandambili moja. Nyingine hajui ilibaki wapi.

Ngozi iliungua kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Daktari alisema vidole vitapona, ila viwili vitabaki vimekakamaa.

“Wanasema yeye ndiye aliyekosea kumimina,” anasema Modesta. “Mimi ndiye niliyeiweka ile asidi mezani. Nilijua darasa limejaa na nilijua sina macho ya kutosha. Niliiweka.”

Jumamosi ya wiki iliyofuata kikaitishwa kikao cha wazazi. Walifika zaidi ya mia moja, wakabanana ukumbini kwenye madawati ya watoto wao. Modesta aliwekewa kiti pembeni ya meza ya mkuu wa shule, akiwaelekea.

Wa kwanza kusimama alikuwa Alois, baba yake Erick. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na saba katika kiwanda kimoja cha mjini, kikauzwa kwa mwekezaji, kikafungwa, na sasa anauza mitumba Kihonda. Alizungumza polepole. Alisema alichangia madawati na ukarabati wa choo wakati nyumbani kwake wanakula mlo mmoja, na aliposikia mwanawe anasomeshwa kemia alifurahi.

“Sikuchangia ili mwanangu afundishwe na mwosha chupa,” alimalizia, akakaa.

Wengi waliitikia. Mzazi mmoja alisema shule ya serikali siku hizi ni mahali pa kuwekea watoto wa maskini wasizurure. Mwingine alitaka Modesta apelekwe polisi. Wachache walisema afadhali yeye kuliko ubao mtupu, lakini sauti zao zilizamishwa.

Ndipo akasimama Veronika, mama yake Editha, mkulima wa mboga kutoka Mlali. Alimgeukia Modesta.

“Dada Modesta, sijakusamehe, na sitasema uongo mbele za watu,” alisema. “Mwanangu anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Lakini nataka kumuuliza Mwalimu Mkuu. Huyu tukimwondoa leo, Jumatatu nani ataingia darasani?”

Mwalimu Kibwana alitazama makaratasi yake. Alisema ataandika barua mkoani. Alikuwa amekwisha kuandika tatu.

Kikao kilipiga kura, na Modesta akaondolewa darasani.

Jumatatu hakuingia mtu. Wala wiki iliyofuata. Kidato cha nne, waliobakiza miezi saba kufanya mtihani wa taifa, walikaa kwenye kipindi cha kemia wakipiga soga au wakilala. Modesta aliwasikia kutoka maabarani, ng'ambo ya ukuta, huku akifuta meza zilizokuwa safi. Wanafunzi walipomfuata kumwuliza maswali aliwarudisha. Amri ilikuwa amri, na mwenyewe aliona wazazi wana haki.

Kwa karibu wiki tano hakugusa kitabu.

Alasiri moja alikuwa nyumbani akichambua mchele alipoitikia hodi. Alikuwa Editha, mkono ukiwa bado umefungwa bendeji, daftari kwapani. Alitoa shikamoo, akasema hesabu za moli zimemshinda na mama yake ndiye aliyemruhusu aje.

Modesta aliuweka ungo chini, akatandika mkeka.

Mwisho wa mwezi mkeka ulikuwa na wanafunzi tisa. Mwezi uliofuata walifika kumi na saba, wakahamia kivulini nyuma ya jiko. Majaribio hayakuwapo, walisoma na kupiga hesabu tu. Mwanafunzi aliyeleta chochote kama shukrani aliondoka nacho.

Alois alianza kushangaa mwanawe anachelewa kurudi. Siku moja akamfuata, akamkuta amekaa chini na wenzake, Modesta akiandika kwa mkaa kwenye ubao wa kabati kuukuu. Erick anasema baba yake alisimama kwenye kona ya nyumba karibu nusu saa, kisha akaondoka bila kusalimia. Hakumkataza kwenda tena.

Mtihani ulifanyika Novemba. Matokeo yalipotoka, kati ya watahiniwa hamsini na wanne, waliofaulu kemia walikuwa kumi na tisa. Mwaka uliotangulia walikuwa sita. Editha alifaulu vizuri akachaguliwa kuendelea na kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana. Erick alifeli. Leo ni fundi mwanafunzi katika gereji.

Ukimuuliza Alois, hajafuta maneno yake yote. “Hakusomea ualimu, na mtoto wa mtu aliungua. Lile halikuwa sawa na nitalisema hata kesho,” anasema. “Kosa langu ni kwamba nilimsema yeye. Yeye ndiye aliyekuwepo. Wengine wote hawakuwepo.”

Mwaka jana Mkongolo ilipata mwalimu wa kemia kutoka chuoni. Alikaa miezi minne, akaenda zake. Safari hii Mwalimu Kibwana alipomwita tena ofisini, Modesta alikubali kuwasomea wanafunzi vitabu, lakini asidi alikataa kuifungua mpaka awe na cheti kinachomruhusu.

Kwa hiyo amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na vijana wanaolingana na mwanawe wa kwanza. Hakuwa na vitabu vya ngazi hiyo. Editha ndiye anayemnakilia maelezo ya darasani na kumtumia kila mara mtu anapokuja Morogoro, karatasi zilizojaa mwandiko mkubwa uliolala upande, wa mkono wa kushoto.

Akifaulu ataomba nafasi ya chuo cha ualimu, miaka miwili, kisha ataomba arudishwe Mkongolo. Anajua atakuwa amefika miaka arobaini na minne, na anajua kwamba kwa cheti hicho shule za mjini zitamtaka pia.

“Wakinitaka nitawashukuru,” anasema, akipanga vichupa juu ya gazeti vikauke. “Ila nataka siku moja niwaite wazazi kwenye ukumbi ule ule, nisimame badala ya kukaa kile kiti, niwaambie mimi ni mwalimu wa watoto wenu. Mama Editha namtaka akae mbele.”

Nje kengele inagongwa. Kidato cha pili wanakuja mbio.