Asmaa Amerudi, Papa Hapikwi

Mwanatatu wa Mtongwe alijaaliwa mtoto mmoja tu, Asmaa, na mtoto huyo alikuwa Dammam, Uarabuni, mwaka wa tisa sasa. Alikwenda kufanya kazi za nyumba, akaolewa hukohuko na Rashid, dereva mzaliwa wa Kisauni. Kila alipopiga simu, baada ya salamu aliuliza: "Mama, leo mumepika nini?"

Siku akipika kunde, Mwanatatu alisema kunde. Lakini alilijua jibu ambalo mwanawe alitaka kulisikia, na siku alipolitoa, upande wa pili kilikuja kicheko chenye machozi ndani yake.

"Papa wa nazi, na sima? Wallahi mama, wanionea."

Papa wa Mwanatatu alikuwa na jina Likoni nzima. Alinunua ng'onda, papa aliyekaushwa kwa chumvi, kwa Baya, mchuuzi wa Shelly Beach. Akamroweka, akamchemsha chumvi ipungue, akaiparuza ile ngozi yenye kukwaruza kama msasa, akamchambua, ndipo akamtia kwenye tui zito pamoja na bizari, pilipili na ndimu. Alifunzwa na marehemu mamake. Alipofiwa na mume, chakula hicho ndicho alichouza barazani kwake, na ndicho kilichomlea Asmaa.

Mwaka juzi walikuja watafiti. Walizoa tope mikokoni, wakachota maji kwenye chupa, wakanunua samaki wa kila aina. Mmoja wao, binti aitwaye Kahaso, alipita nyumba hadi nyumba akiwaomba kina mama nywele.

"Nywele za nini? Uganga?" Mwanatatu alimuuliza.

Kahaso alicheka. "La, mama. Twatafuta zebaki, ile sumu ya madini. Mtu akila samaki mwenye zebaki, nywele zake husema."

Waliingia chumbani, mlango ukafungwa, mtandio ukashushwa. Kahaso alikata kishungi chembamba kisogoni, akakitia kwenye bahasha, akaenda zake. Mwanatatu alisahau. Baada ya miezi kadhaa binti alirudi, akaketi mkekani, na safari hii hakucheka.

"Mama, zebaki yako imezidi. Wala papa mara ngapi?"

"Karibu kila siku. Ndiyo kazi yangu."

Kahaso akamweleza taratibu. Zebaki hutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, kwenye taka zinazochomwa, kwenye machimbo ya dhahabu ya nchi za mbali na za karibu. Huruka na upepo, hushuka na mvua, hulala topeni. Vijidudu huila, vidagaa huvila vijidudu, samaki huwala vidagaa. "Na papa huishi miaka mingi akiwala wote. Kila mmoja alichobeba kidogo, yeye amekibeba chote."

"Na nani aliyeitia baharini?"

"Ningekuwa na jina moja ningekupa, mama. Nyingine ni ya hapahapa petu, nyingine imetoka ng'ambo." Kahaso alimshika mkono. "Wewe punguza tu. Wa kuogopewa ni mtoto aliye tumboni. Ubongo wake ndio kwanza wafumwa."

Mwanatatu alipunguza, bila furaha. Kisha, mwanzo wa mwaka jana, Asmaa akapiga simu. Ana mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii imekaa, alhamdulillahi, na anarudi nyumbani kujifungua mikononi mwa mamake. Mwanatatu alisujudu palepale sebuleni. Alipoinua kichwa, wazo la kwanza lilikuwa atakachompikia, na wazo la pili lilikuwa Kahaso.

Asmaa alifika amenenepa uso, miguu imevimba kwa safari. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, marahaba," na Mwanatatu hakutaka kumwachilia. Siku ya kwanza alipika pilau. Ya pili kuku wa nazi, kisha mbaazi na mahamri. Asmaa alikula kila kitu na kushukuru, huku macho yake yakizunguka jikoni.

"Mama, na papa?"

"Baya hana siku hizi."

Alisema hivyo kwa sababu moyo ulimshinda. Mwanamke huyu alikuwa amengoja miaka tisa kumwona mtoto wake akilamba vidole. Amwambieje sasa, katika siku za mwanzo za kuonana, kuwa chakula alichokiota ugenini ndicho kilichokatazwa?

Asubuhi moja Asmaa alitoka bila kuaga. Alirudi jua limepanda, amelowa jasho, akaweka mfuko wa papa juu ya meza.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Baya ana papa tele. Asema wewe hununui kwake kama zamani. Kuna nini? Nimekukosea?"

Mwanatatu alivuta kigoda, akakaa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyajua maneno hayo tangu utotoni, na bado alikuwa ameyakimbia. Akamwambia yote: tope, nywele, moshi, na mtoto ambaye ubongo wake ungali wafumwa. Asmaa alisikiliza mkono ukiwa tumboni.

"Kule, kabla sijaolewa, nilikuwa nalala chumba cha kuanikia nguo," alisema mwishowe. "Usiku nikifumba macho nasikia harufu ya jikoni hapa. Nikijiambia, vumilia Asmaa, kuna siku utakaa kwenye mkeka ule mamako akuwekee sahani."

"Na mimi wadhani nilingoja nini?" Sauti ya Mwanatatu ilipasuka. "Sahani nilikuwa naiosha, naiweka. Naiosha, naiweka."

Walilia wote wawili, kila mmoja akimfuta mwenziwe kwa leso yake.

Asmaa aliurudisha mfuko mwenyewe. Baya alipoambiwa sababu, alikunja uso. "Kila mtu aja na lake. Sasa niuze mawe?" Lakini alimchagulia tasi wabichi badala yake, kwani Kahaso alikuwa amesema tasi hula mwani, si samaki wenziwe.

Mwanatatu aliwapika tasi wale kama alivyompika papa: tui lilelile, bizari ileile, ndimu mwisho. Asmaa alimega sima, akachovya, akala.

"Tamu," alisema.

Mwanatatu alimtazama.

"Lakini si yeye, mama."

"Si yeye," Mwanatatu alikubali, na ghafla wakaangua kicheko hadi jirani akachungulia kuona kulikoni.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, sauti yake ikisikika hadi ukumbini. Wakamwita Wardah. Kahaso alikuja kumpongeza mzazi, akasema zebaki hupita hata kwenye maziwa, kwa hivyo afadhali Asmaa asile papa hadi amwachishe mtoto ziwa. Asmaa aliitikia, ingawa wote walijua kwamba wakati huo hatakuwa Mtongwe. Tikiti ilikuwa imekwisha kutumwa na Rashid.

Siku ya kuondoka walipita barabara mpya ya Dongo Kundu hadi uwanja wa ndege. Mlangoni Wardah aliushika mtandio wa nyanyake, ikawa kazi kumbandua kidole kimoja kimoja. Asmaa hakugeuka nyuma, na Mwanatatu alijua kwa nini.

Barazani sasa anauza tasi na vidagaa. Wateja wa zamani walinung'unika, wengine wakahama, wengine wakazoea. Juzi Rashid alituma video: Wardah amesimama kwa mara ya kwanza, ameshikilia mlango wa friji, magoti yakitetemeka. Mwanatatu aliitazama, akairudia, akairudia tena, mpaka simu ikaisha chaji mkononi mwake.