Jeneza la Jenerali

Juzi, kule Raskazone, niliona kibao kipya cha barabara chenye jina la Jenerali, shujaa wa vita. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni, jeneza lake lilipopitishwa mtaani kwetu Mabawa. Wanaume wa mtaa walibaki wamekaa barazani, nikadhani wanampa heshima. Baba peke yake ndiye aliyesimama.

"Shehe, unakwenda kumbeba mtu aliyetubomolea nyumba alipokuwa mkuu wa mkoa?" jirani alimkejeli.

"Vitani alinibeba mgongoni, ninavuja damu," Baba alijibu, akaenda kutia bega pamoja na askari.

Alirudi ananukia udi na jasho, akaketi kwenye kizingiti cha chumba chetu cha kupanga, akalia. Nikamkanda bega, nikidhani ndilo linalomuuma.