Kipanya Mfukoni Mbele ya Wazee wa Kilema

Mkinicheka mtakuwa na haki, maana hata mke wangu alicheka siku tatu mfululizo. Nawaambia kabisa kwamba katika aibu hii hakuna wa kumsingizia, si fundi, si muuza duka, si umeme, ni mimi mwenyewe Elibariki, mwanaume wa miaka thelathini na sita, bwana shamba mwenye diploma yake, niliyeamua kwa akili zangu timamu kutembea na mausi ya kompyuta ndani ya mfuko wa suruali mbele ya watu sitini.

Ilianza hivi. Laptopu niliyopewa na shirika letu dogo la kahawa ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa ile sehemu ya kutelezesha kidole, ambayo ilikufa siku binti yangu Glory alipoimwagia uji, na tangu hapo nikawa naazima mausi ya waya ya mwenzangu ofisini, namrudishia jioni. Sasa ukaja mkutano mkubwa wa wakulima wa Kilema, kule mlimani. Nilitakiwa kuwaeleza kwa nini wang'oe mibuni yao ya zamani na kupanda miche mipya isiyoshambuliwa hovyo na magonjwa, na bosi wetu, Madam Anastazia, alisema atakuja mwenyewe kusikiliza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Hakuna aliyeniambia kwamba nikishindwa Kilema ndiyo basi, lakini hata mimi si mtoto.

Nikaenda mtaa wa Pasua, mjini, kwa dada mmoja anaitwa Rehema, ana kibanda cha vifaa vya simu na kompyuta, na huyu dada (niseme ukweli wake) alinishauri vizuri tu.

"Kaka, utaitumia juu ya nini?" aliniuliza. "Maana hizi zisizo na waya kwenye kioo hazioni. Ukiweka kwenye meza ya kioo unasukuma mpaka unachoka, mshale umesimama palepale."

Akaniwekea mbili. Moja nyeusi, nene, inakula betri moja kama ya rimoti, kitufe cha kuwasha na kuzima kiko tumboni. Ya pili nyembamba, rangi ya fedha, ya kuchaji, ukibonyeza haitoi hata sauti. Zote mbili zinakuja na kile kidude kidogo kama ukucha unachochomeka kwenye laptopu.

"Hiyo nyembamba ni nzuri kwa macho," akasema Rehema, "ila gurudumu lake jepesi sana, ukiligusa tu linakimbia. Kwa kazi chukua nyeusi."

Mimi wala sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nimeiingiza ile nyembamba mfukoni, nikaitoa, nikaiingiza tena. Haikutuna. Unajua, miezi kadhaa nyuma nilihudhuria semina mjini, mtaalamu mmoja kijana akawa anatembea huku na huko katikati ya watu, mkononi ana kidude cha kubadilishia slaidi, hagusi kompyuta hata kidogo, na wote tukamwona msomi kwelikweli. Rehema hakuwa na kidude hicho. Nikajiambia, kwani tofauti ni nini, si ukibonyeza mausi slaidi inasogea? Nitaiweka mfukoni, nitatembea, watashangaa picha zinabadilika zenyewe. Nikalipia nyembamba.

Jioni nyumbani Rau nikafanya mazoezi, mke wangu akinirekodi kwa simu ili nijione ninavyosimama. Mausi mfukoni ikafanya kazi vizuri mno, na mafanikio ndiyo yaliyoniharibu, nikaanza utani. Mke wangu akasema, "Haya, na Meku Aloyce akisimama kukupinga je?"

Meku Aloyce (meku ndiyo mzee kwa Kichagga) ni mkulima anayesikilizwa kuliko wote kule. Kila nilipotaja kung'oa mibuni alikuwa anasimama taratibu na fimbo yake na kuanza, "Mimi kwa upande wangu, mimi, kama mimi," na baada ya hapo hakuna anayenikumbuka tena. Basi nikachukua ufagio nikaufanya fimbo, nikiwa na singlendi tu kifuani, nikamwigiza. Sauti yake, kukohoa kwake, na kuchechemea kwake, maana Meku anachechemea. Halafu nikaitazama kamera nikasema kwa sauti yangu, "Huyu ukishamwondoa njiani, hao wengine ni kuwasukuma tu kama kondoo."

Tukacheka. Kesho yake asubuhi nikahamishia video kwenye laptopu niitazame kwenye kioo kikubwa, na nikaiweka folda moja na slaidi zangu.

Ukumbini Kilema nilikuta watu wameshajaa, wazee upande mmoja, akina mama upande mwingine, Madam mbele kabisa pembeni ya Meku Aloyce. Wenyeji walikuwa wametuheshimu, wameazima meza nzuri kutoka parokiani. Nikasalimia, "Shikamooni wazee wangu," wakaitikia marahaba, nikachomeka projekta, nikachomeka spika za ukumbi, nikaanza.

Slaidi tano za kwanza, jamani, zilikwenda kama nilivyoota. Natembea, mkono mfukoni, nabonyeza, picha inabadilika ukutani, watu wanatazama ukuta halafu wananitazama mimi. Kumbe hawakuwa wanashangaa utaalamu. Walikuwa wanautazama mkono wangu. (Hebu fikirieni mtu mzima amesimama mbele ya akina mama, anawaeleza habari ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, na wakati wote huo mkono uko ndani ya mfuko wa suruali na vidole vinacheza.) Nikaona kanga zinafunika midomo. Mwisho Mama Consolata, mwenyekiti wa akina mama, akanyoosha mkono.

"Bwana shamba, mwanangu," akasema kwa upole kabisa, "kama unaumwa, choo kiko pale nyuma. Sisi tutakusubiri."

"Siumwi, mama," nikamjibu, na kwa kuwa kuna wazee nikataka kusema Kiswahili fasaha, nisilete mausi-mausi. "Ni kipanya."

"Ni nini?"

"Kipanya, mama. Kiko mfukoni."

Mama aliyekaa jirani naye akapandisha miguu juu ya benchi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Kiko hai?"

Hapo ningekitoa nikawaonyesha, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimeshaaibika, na mtu aliyeaibika hafikiri, nikakikamata kwa juu ya kitambaa ili waone umbo lake, jambo ambalo ukilitazama kutoka kwenye mabenchi ni baya kuliko lililotangulia. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Na pale nilipokamata ndipo lilipokuwa lile gurudumu. Slaidi zikaanza kukimbia, magonjwa, miche, vipimo vya mashimo, asanteni kwa kunisikiliza, kisha ukuta mweusi. Nikabonyeza, onyesho likafungika, ikabaki orodha ya mafaili. Nikabonyeza tena mara mbili harakaharaka nikitumaini slaidi zitarudi.

Zilirudi singlendi na ufagio.

Nilijiona ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa. Sauti ya mke wangu ikajaa kwenye spika, "Haya, na Meku Aloyce akisimama kukupinga je?" Kisha mimi nikakohoa, nikachechemea kutoka kona moja ya sebule hadi nyingine, "Mimi kwa upande wangu, mimi, kama mimi…"

Nikakimbilia meza. Nikachomoa mausi na mfuko ukatoka nao nje nje, nikaiweka mezani, nikasukuma, mshale haujongei. Nikasukuma tena. Ile meza nzuri ya parokiani ilikuwa ya kioo. Mtaniuliza kwa nini sikubonyeza kitufe chochote cha kibodi, au sikufunga tu laptopu. Najua. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninyi. Wakati ule akili yangu yote ilikuwa imeingia kwenye mausi, nikaiweka juu ya paja nikawa naisugua pale, mkutano mzima unanitazama. Madam Anastazia akanyanyuka akachomoa waya wa projekta, picha ikakatika, lakini spika hazikuwa kwenye waya ule, na katika giza la ukuta kila mtu akasikia vizuri kabisa, "Huyu ukishamwondoa njiani, hao wengine ni kuwasukuma tu kama kondoo."

Kicheko kilikuwa kimeshaisha.

Meku Aloyce akasimama na fimbo yake. Nilingoja aseme. Hakusema neno, akatoka, na ukumbi mzima tukasikia hatua zake kwenye sakafu, moja nzito, moja nyepesi. Wazee watatu wakamfuata. Madam hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Mfuate."

Nilimkuta kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani kwake, kati ya migomba, anamkatia ng'ombe vigogo vya mgomba kwa panga.

"Shikamoo, Meku."

Alikata vipande viwili vitatu kwanza. "Marahaba."

"Nimekukosea, mzee wangu."

"Nimeona. Hata kipofu angesikia." Akaendelea kukata. "Unajua mguu huu uliumia wapi?"

"Hapana, Meku."

"Hujui, kwa sababu hujauliza. Miaka mitatu unapita hapa. Mvua ilibomoa mfereji, tukawa tunabeba mawe kuujenga upya, jiwe likaniteremkia. Nilikuwa sijaoa bado." Akainua uso akanitazama. "Halafu ni wa kushoto. Wewe umechechemea wa kulia."

Sikujua kama natakiwa kucheka. Sikucheka.

"Na miche yako," akasema, "nani alikwambia naikataa? Ninachokataa ni kung'oa mibuni yote kwa mara moja. Mche unakaa miaka miwili, mitatu, ndipo unaleta kitu. Hiyo miaka mimi na mama yako hapo ndani tutakula nini, picha za ukutani? Ungeniuliza ningekujibu. Wewe kila nikisimama ulikuwa unanitazama midomo, kumbe unajifunza kuniigiza."

Nikamwambia nisamehe, Meku. Akatikisa kichwa.

"Hapa tuko mimi na wewe na ng'ombe. Umenicheka mbele ya watu, utaniomba radhi mbele ya watu. Jumapili, baada ya misa ya pili."

Mimi ni Mlutheri, na sijawahi kuogopa Jumapili ya Wakatoliki namna ile. Nilipanda Kilema na mke wangu (alisema yeye ndiye aliyeuliza swali kwenye video, hawezi kubaki nyumbani), misa ikaisha, watu wakakusanyika nje, katekista akasoma matangazo ya ndoa na ya usafi wa makaburi, kisha akasema bwana shamba ana neno. Sikuwa na slaidi wala karatasi. Mikono yote miwili niliiweka mgongoni, watu waione haiko popote. Nikasema nilimwigiza mzee wangu nikacheka mguu ulioumia kwa kazi ya wote, nikawaita wao kondoo, na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kwa nini hataki ninachokileta. Mke wangu naye akapiga goti akasema, "Nisamehe, baba."

Meku Aloyce akasogea mbele na fimbo yake.

"Mimi kwa upande wangu, mimi, kama mimi," akaanza, na kuna watu walitazama chini wakijizuia, "nimesikia. Nimesamehe. Sasa bwana shamba, simama vizuri, utuambie kama mtu anaweza kung'oa mistari miwili tu, mingine ikabaki inamlisha."

Nikasema inawezekana. Nikasema ndivyo ilivyotakiwa nianze. Tukasimama pale nje ya kanisa karibu saa nzima wakiuliza, nikijibu, na mengine sikuyajua nikasema sijui. Msimu ule kaya kumi na nane zilichukua miche, mistari miwilimiwili, si sitini kama Madam alivyotaka, naye akaniongezea mkataba wa miezi sita tu na barua ya onyo juu yake. Niliipokea barua kwa mikono miwili.

Nilirudi kwa Rehema nikachukua ile nyeusi. Hakuniuliza kitu, ila alitabasamu, nikajua habari imeshashuka mlima mpaka Pasua. Sasa hivi nikiwa na mkutano mausi inakaa mezani juu ya daftari, ninakaa karibu nayo, na kabla ya kuchomeka projekta nafungua folda naangalia faili moja moja. Suruali zangu za kazini nimemwambia fundi azishone mifuko yote, kabisa. Na kuigiza mwendo wa mtu, jamani, nimeapa mbele ya mke wangu na Mungu, sitaigiza tena, hata niwe peke yangu bafuni na mlango nimefunga kwa komeo.