Shafti Niliyoitoa

Mwanangu, iko siku moja ya mvua ambayo naikumbuka kila nikishika usukani. Nilikuwa kijana, nikiuza ndizi katika soko la Mitunguu, na nilikuwa nimenunua gari linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nilijigamba nalo kuanzia kanisani hadi sokoni. Lakini lilikunywa petroli kweli kweli, na wenzangu wakanishauri nitoe ile shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu nyuma. Wengi walifanya hivyo.

Fundi wangu pale Kinoru, Mzee Mutwiri, alikataa kwanza.

"Kirimi, hii gari kwa lami inavutwa na mbele. Mbele ikianza kuteleza, hii shafti ndio inapelekea nyuma nguvu. Na ukipanda mlima, uzito mwingi uko huko nyuma. Sasa ukitoa utapanda na nini?"

"Toa tu, fundi. Matope mimi nayajua."

Kiburi cha ujana, mwanangu! Akaitoa huku akinung'unika. Matumizi ya petroli yakapungua kidogo, nami nikajiona mjanja.

Kisha mvua ndefu zikaanza. Asubuhi moja dada yangu Kendi, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, akashikwa na uchungu. Nikampakia kumkimbiza hospitali kule Nkubu. Kwenye mlima wa udongo mwekundu, magurudumu ya mbele yakazunguka bure. Ya nyuma, yaliyobeba uzito wetu, hayakuvuta hata kidogo. Nikakata majani ya migomba nikayatandika chini, wapi! Kendi akanishika shati.

"Kirimi, jaribu tena."

Nilijaribu hadi watu wakaja kutusukuma. Tulifika tumechelewa, na mtoto alizaliwa akiwa amefariki.

Kendi hakupata mwingine. Nikimtembelea hunipikia mukimo, na siku ile ikitajwa husema, "Ni hiyo barabara." Mimi huinamisha kichwa na kuendelea kula. Inaniuma, mwanangu. Haikuwa barabara, ilikuwa mimi, na sijawahi kumwambia.

Kwa hivyo usitoe kitu garini, wala nyumbani kwako, kwa sababu tu barabara ikiwa kavu hukioni kikifanya kazi. Fundi akikueleza sababu, nyamaza usikie. Na ukimkosea mtu, mwambie wiki hiyo hiyo, kwa maana miaka ikipita ulimi huwa mzito sana. Mungu awalinde wote utakaowabeba, na akupe ujasiri wa kusema ambao mimi mpaka leo sina.