Ofa ya suruali mbili kwa bei ya moja, na mimi nadaiwa mtamba na wakwe

Wakuu, heshima mbele. Nina miaka tisini na kitu na natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo nguvu ya kuwadanganya sina.

Nimesoma vijana humu wakilia kwamba ofa za nguo zimewamaliza na madeni yako palepale. Nimecheka, kisha nikakumbuka yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, huku Manga, nilimwoa Kemunto kabla sijamaliza mahari. Nilibaki nadaiwa mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Ndugu zake wakaja, wakanena wazi: "Shemeji, wimbi ukivunwa na mtamba hatujauona, tunarudi na dada yetu."

Alikuwa na mimba ya kwanza. Niliogopa, sifichi.

Nikaenda Kericho kuchuma chai miezi minane. Nikarudi wimbi haujavunwa, na pesa ya mtamba, kamili, nimeifunga kiunoni.

Sasa shida ikawa suruali yangu, moja tu niliyokuwa nayo. Ilikuwa imechanika nyuma, na kitambaa kimechoka, hakishiki uzi tena. Na kwetu Kisii, kumwonyesha mama mkwe mwili ni aibu ambayo hata wajukuu watasimuliwa.

Mjini nikakuta duka linamaliza suruali za jeshi zilizobaki baada ya vita. Mbili kwa bei ya moja!

Mwenye duka, mzee mmoja Mwislamu, akanipa nijaribu. "Kijana, hii ilikuwa inakungoja wewe. Kesho hutaikuta."

Jamani, ilinikaa.

Nikaanza kujidanganya. Si ni kwa heshima ya wakwe? Si nitanunua mtamba mdogo kidogo?

Lakini mdogo kidogo ni ndama, na ndama wakwe wangemkataa. Nikaivua, nikatoka mbio hadi mnada wa ng'ombe nisije nikageuka.

Siku ya kupeleka mtamba nilisimama nikimtazama mama mkwe muda wote. Kuondoka, nikatembea kinyumenyume mpaka langoni, naaga kila hatua.

Mama mkwe akaelewa. Akageukia ukuta, akasema, "Nenda mwanangu, sikutazami."

Ndugu za Kemunto hawakuja tena kumdai.

Nilichojifunza: ofa ikikujia na sababu nzuri, hapo ndipo ukimbie. Jiulize pesa hiyo ni ya nani.

Haya, wewe uliacha nguo gani dukani ili deni liishe? Andika hapo chini. Kemunto amekaa hapa kando yangu, anataka nimsomee majibu yenu.